Carina Ti ya 1998 inachelewa kushika gia ikipata moto, giaboksi ndo imekufa?

mdau_wa_mbezi:
Wakuu salama? Nina Carina Ti ya 1998, automatiki gia 4, huu mwaka wa 6 haijawahi kunisumbua. Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Iringa, tukapakia watu 5 na mizigo, kupandisha mlima Kitonga ikawa inaunguruma tu, mshale wa resi unafika 4 lakini spidi haivuki 30, nikapaki kama nusu saa ndo ikaendelea. Tangu hapo asubuhi ikiwa ya baridi iko freshi, ila ikishakaa foleni ikapata moto nikitoa N kuweka D nahesabu mpaka 3 ndo inashika, tena kwa kishindo watoto wanashtuka huko nyuma. R ndo mbaya zaidi. Fundi kaisikiliza dakika 5 kasema giaboksi imekwisha, katafute nyingine Ilala. Hela hiyo sina, na hii gari ndo inampeleka mama hospitali kila wiki. Nianzie wapi?

oili_kwanza:
Pole sana mkuu. Usinunue giaboksi wakati hata stiki ya kupimia oili ya giaboksi haijachomolewa. Endesha ipate moto, paki sehemu tambarare, handibreki juu, injini inaunguruma, kanyaga breki upitishe gia zote toka P mpaka L urudi P, halafu chomoa stiki, futa, chomeka, chomoa tena. Iwe kwenye alama ya HOT. Dondosha tone kwenye tishu nyeupe: nyekundu safi, kahawia imechoka, nyeusi inayonuka kuungua ujue klachi za ndani zimeungua. Ikiwa pinki kama maziwa ya stroberi maji ya rejeta yameingia, hiyo usiiendeshe kabisa.

fundi_moro:
Kasema kweli. Kusumbua ikiwa na moto tu maana yake presha inashuka, oili ikipata joto inakuwa nyepesi, ikiwa pungufu pampu inavuta hewa, au sili za ndani zimekakamaa zinavujisha. Kwa Toyota hizi N kwenda D isizidi sekunde 1.2, kwenda R 1.5. Kagua na kebo inayotoka kwenye throtoli kwenda giaboksi, ikilegea presha inakuwa ndogo klachi zinateleza. Taa ya O/D OFF (ya overdraivu, ile gia ya juu) ikiwa inawaka na kuzima yenyewe kuna kodi, yaani namba ya hitilafu: O/D iache on, unga TE1 na E1 kwenye kiboksi cha daiagnosisi, fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu taa inavyopepesa, 6 kisha 2 ni solenoidi (vali ya umeme ya kubadili gia) namba 1, 6 kisha 3 ni namba 2.

spea_za_kaka:
Akibadili oili ndo anaiua, ya kwangu niliflashi, yaani niliisukuma oili yote ya zamani itoke kwa mashine, ikagoma siku ya tatu.

fundi_moro:
Ya kwako klachi zilishakwisha mkuu, oili mpya haiwezi kuzirudisha, ndo maana harufu kwanza. Na asiflashi kwa mashine, amwage ya kawaida, itatoka lita kama 3 nyingine inabaki kwenye torki konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi. Ashushe sampu, ile bakuli la oili chini ya giaboksi, aangalie sumaku iliyomo, ujiuji wa kijivu kama grisi sawa, vipande vinavyokwaruza kidole hapana. Aina ya oili asome kwenye stiki yenyewe, asikubali kuwekewa yoyote iliyopo dukani.

mdau_wa_mbezi:
Mrejesho wakuu. Stiki ilikuwa kavu mpaka nusu kidole chini ya alama ya chini! Nikaingia uvunguni na tochi, hozi moja inayoenda kupoozea oili kwenye rejeta imelowa chepechepe, klipu imelegea, vumbi limegandia hapo kama tope. Oili kahawia, hainuki kuungua. Nimebadili hozi zote 2 na klipu, nimemwaga na kujaza mara 2 ndani ya wiki, sumaku ina ujiuji tu, kebo ilikuwa sawa, taa haiwaki. D sasa inashika hapohapo hata baada ya foleni, sijui niwashukuruje. R bado kama sekunde 2.

fundi_moro:
Safi sana. Tembea nayo kilomita 500 hivi, kagua zile hozi, kisha pima R tena ikiwa na moto. Ikibaki 2 usipande nayo Kitonga na mzigo mpaka sili za klachi ya rivasi ziangaliwe, ila hospitali na mama nenda.