Ukoo wa Bibi Mwanasiti: safari ya Lincoln

Jumatano, 20 Machi 2024

Rashidi (Lincoln), 17:52
Asalaam aleykum ukoo. Swaumu njema. Kabla hamjakaa kwenye futari naomba msome hapa, nina mawili.

Rashidi, 17:54
La kwanza. Chuo chetu cha Nebraska wametangaza leo mkurugenzi mpya wa michezo, Troy Dannen, anatokea chuo cha Washington. Ni wiki moja tu tangu aliyekuwepo, Trev Alberts, atukimbie kwenda Texas A&M.

Rashidi, 17:55
La pili. Jumamosi tarehe 27 Aprili ni ile mechi ya mazoezi ya timu yetu ya mpira wa Kimarekani, wekundu kwa weupe, hapa Lincoln. Idi itakuwa imeshapita, hakuna wa kusema amefunga. Nataka twende wote kama tulivyoahidiana kwenye arusi ya Mwanahamisi. Viti tisa. Pesa zinifikie kabla ya Ijumaa ijayo, la sivyo tutakaa kule juu kwenye upepo.

Rashidi, 18:21
Naona watu kumi na wanne wamesoma. Semeni basi.

Juma (Lincoln), 18:30
Shikamoo Anko. Sasa mechi ya mazoezi nayo tunalipa?

Rashidi, 18:31
Marahaba. Tunalipa. Huyo Dylan Raiola, mrusha mpira wetu mpya, ndiyo mara yake ya kwanza kuvaa jezi yetu mbele ya watu. Chuo cha Georgia walishamchukua, mabingwa wa 2021 na 2022, akawaacha Desemba akaja huku. Baba yake Dominic alicheza hapa hapa, na baba yake mdogo Donovan ndiye kocha wa safu ya mbele. Kijana amerudi kwao. Hilo halikutoi nyumbani?

Juma, 18:33
Linanitoa. Lakini saa hii kinachonitoa ni njaa 😂

Zuhura (Omaha), 18:40
Niko shifti mpaka saa moja asubuhi. Nitasoma baadaye Kaka.

Salimu (Kansas City), 18:58
Alberts kaondoka kweli? Si ndiye aliyeongezewa mkataba Novemba?

Rashidi, 19:01
Ndiye huyo. Mtoto wa nyumbani, alicheza hapa, akachukua tuzo ya Butkus, ya mlinzi bora wa kati vyuoni, mwaka 1993. Ndiye aliyeujaza uwanja Agosti iliyopita kwa voliboli ya akina dada, watu 92,003, rekodi ya dunia. Ndiye aliyemfukuza kocha Frost na ndiye aliyemleta kocha Rhule. Halafu anafungasha kabla Rhule hajamaliza hata msimu wa pili! Imeniuma, sitaki kuficha.

Rashidi, 19:04
Lakini tumtendee haki. Angebaki chini ya nani? Ted Carter, rais wa chuo, ameshakwenda Ohio State. Kiti kinakaimiwa. Juu hakuna mwenye kauli ya mwisho, na mtu akikaa mahali asipojua bosi wake wa kesho ni nani, ataangalia mlango.

Salimu, 19:06
Sisi Chiefs wa Kansas City tuko na kocha Andy Reid tangu 2013. Mambo ya kila leo sura mpya hatuyajui 🏆🏆🏆

Juma, 19:06
😂😂😂 Anko umepigwa

Rashidi, 19:08
Salimu umesema hoja yangu mwenyewe. Sisi tulikuwa hivyo kabla yenu. Kocha Bob Devaney alikuja 1962, ubingwa wa 1970 na 1971. Akamwachia Tom Osborne, miaka 25, ushindi 255, ubingwa wa 1994, 1995 na 1997. Makocha wawili kwa miaka 36. Nilifika hapa nikiwa mwanafunzi, nikadhani ndivyo dunia ilivyo.

Rashidi, 19:15
Kisha 2003. Kocha Frank Solich ameshinda tisa, amefungwa tatu, wakamfukuza! Tisa kwa tatu! Mkurugenzi wa wakati ule, Steve Pederson, aliona haitoshi. Akamleta Callahan kutoka Oakland Raiders, na mwaka wa kwanza tu tukapata 5-6, msimu wa kwanza wa hasara tangu 1961. Tulikuwa tumecheza mechi za baada ya msimu miaka 35 mfululizo, ikakatika pale pale. Pederson naye akafukuzwa 2007, wakaja kumpigia magoti Mzee Osborne arudi akae ofisini.

Rashidi, 19:19
Mkadhani wamejifunza. Kocha Bo Pelini miaka saba, hakuna msimu alioshinda chini ya mechi tisa. 2014 naye 9-3, naye nje. Mdomo wake ulikuwa mchafu, nakubali. Ila tangu tumfukuze Pelini nani ametupa tisa? Riley 2016 tu, na mwaka uliofuata akamaliza 4-8 wakamtoa. Frost ushindi 16, kufungwa 31. Kila anayekuja anang'oa alichopanda mwenzake na kuanza na mbegu zake.

Juma, 19:22
Anko dakika ishirini na tatu kabla ya adhana, unatuandikia khutba ya Ijumaa siku ya Jumatano

Mwanahamisi (Omaha), 19:23
😂😂 Juma wewe
*[picha: sambusa, maboga ya nazi, kunde]*

Salimu, 19:24
Hayo maboga umeyapata wapi Omaha???

Mwanahamisi, 19:25
Duka la Wakongo. Yanaisha mapema, wahi.

Juma, 19:25
Tia chumvi kidogo usisahau kama ya juzi

Rashidi, 19:27
Jamani. Viti tisa. Ijumaa ijayo.

Rashidi, 20:12
Mmefuturu, alhamdulillahi. Tuendelee. Ninachosema ni hiki: Rhule aachwe. Mwaka jana alikuwa 5-3, amebakiza ushindi mmoja tu afike mechi ya baada ya msimu, zikaja nne za mwisho, akafungwa zote. Michigan State 20-17. Maryland 13-10. Wisconsin 24-17, muda wa nyongeza. Iowa 13-10. Iowa nilikuwepo uwanjani. Zimebaki sekunde za mwisho, yule kijana wao anapiga mkwaju, mpira umepita kati ya milingoti na saa imekwisha. Mzee aliyekaa mbele yangu, kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi, alikunja blanketi lake mara nne, taratibu, akalitia kwenye mfuko, akamwambia mkewe wakutane hapo hapo Septemba. Hakutukana. Watu kama wale ndio wamejaza viti vyote kila mechi tangu Novemba 1962. Timu haijacheza mechi ya baada ya msimu tangu 2016 na bado wanakuja zaidi ya 80,000. Hawadai ubingwa kesho. Wanadai mtu atakayekaa.

Salimu, 20:15
Na huyu Dannen atakaa? Washington amekaa miezi mingapi?

Rashidi, 20:17
Aliingia Oktoba. Hata nusu mwaka haijafika. Hilo nalo linanikosesha usingizi. Kule kocha wake DeBoer alimwacha Januari akaenda Alabama, mara tu baada ya fainali na Michigan. Kwa hiyo anajua uchungu wa kuachwa. Nataka aingie ofisini akutane na uwanja umejaa, aelewe kocha aliyemkuta ana watu nyuma yake. Ndiyo maana ya tarehe 27. Si matembezi.

Juma, 20:18
Na runza je?

Rashidi, 20:18
Runza zipo.

Juma, 20:19
Basi mimi nipo. Mkate, nyama ya ng'ombe na kabichi ndani, pombe hawauzi mle uwanjani. Mahali pa Waislamu kabisa 😂

Zuhura, 20:24
Nyama imechinjwa na nani?

Juma, 20:25
Bi Zuhura usituharibie

Rashidi, 20:26
Tutabeba pilau yetu. Zuhura, Salimu, nitumieni pesa leo nianze na viti vya mbele.

Salimu, 20:31
Kaka Rashidi. Kabla ya pesa ya tarehe 27, ile ya radi iko wapi?

Rashidi, 20:32
Radi gani tena

Salimu, 20:36
Unaijua. 2018, Frost mechi yake ya kwanza, dhidi ya Akron. Nimeendesha saa tatu kutoka Kansas City na mke wangu mjamzito. Mpira umepigwa mara moja, radi hiyo, tumekaa chini ya jukwaa na pilau kwenye foili mpaka ikaahirishwa moja kwa moja. Nilitoa ya tiketi nne na nusu ya gari. Ukasema unashughulikia.

Zuhura, 20:37
Na mimi nilitoa tiketi mbili. Sikusema tu.

Rashidi, 20:40
Ile pesa ilienda kwenye tiketi za Colorado wiki iliyofuata. Niliwaambia.

Salimu, 20:41
Colorado ulienda wewe na Juma!

Juma, 20:41
Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili msinitaje

Rashidi, 20:43
Nyinyi mlisema hamwezi kuja. Tiketi zilikuwa zimeshanunuliwa. Tusiufanye mwezi mtukufu kuwa baraza la kesi, hapa tunaongea habari ya kocha.

Fatuma (Tanga), 20:46
Daku njema kutoka huku. Nimeamka nakuta ujumbe 61, nikadhani mtu amefariki 😳

Fatuma, 20:47
Rhule ni nani? Ameposa kwetu?

Mwanahamisi, 20:47
😂😂😂😂

Juma, 20:48
Mahari yake dola milioni 74 kwa miaka minane Shangazi, kubali haraka

Fatuma, 20:48
Mwambieni aje na wazee wake

Rashidi, 20:49
Fatuma tafadhali, tuna jambo.

Baba Mkubwa Mbaruku (Tanga), 20:58
Waaleykum salaam wanangu. Nimesoma tangu mwanzo.

Baba Mkubwa Mbaruku, 21:06
Rashidi. Mpira wenu huo siujui, lakini maneno yako nimeyaelewa. Coastal Union ilichukua ubingwa mwaka 1988. Nilikuwa Mkwakwani. Tangu hapo nimeona viongozi wangapi wakipokezana viti, kombe halijarudi Tanga mpaka leo. Kwa hilo la kumwacha mtu afanye kazi, umesema kweli na nakuunga mkono.

Lakini la Salimu nililisikia mwaka ule ule. Nilinyamaza nikidhani mtamalizana, ndugu kwa ndugu. Sasa ni mwaka wa sita na linatajwa mbele ya watoto. Usipokee pesa ya mtu yeyote humu, ya kiti wala ya gari, mpaka ya kwanza ieleweke. Na Salimu, jambo la namna hii hulileti hadharani kabla hujaniita mimi. Nakwenda kuswali.

Rashidi, 21:31
Nimekusikia Baba Mkubwa. Nitampigia Salimu.

Alhamisi, 21 Machi 2024

Zuhura, 07:15
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimetoka shifti. Tarehe 27 nimepangiwa kazi, naangalia nani tubadilishane. Nikipata nitakuja na watoto.

Rashidi, 12:40
Ukoo, bila kukusanya chochote, naomba majina tu. Mimi, Juma, Mwanahamisi na mumewe. Zuhura labda. Viti navinunua kwa kadi yangu leo jioni, hesabu baadaye, maana vya upande wa magharibi vinapungua na mimi sitaki Dannen aanze kazi kwa kuangalia viti vitupu.

Mwanahamisi, 13:05
Mume wangu anauliza kama ni ile ile ya radi

Rashidi, 13:06
Hii ni nyingine. Aprili.

Juma, 13:10
Aprili Nebraska ndiyo radi yenyewe Anko 😂

Rashidi, 13:12
Juma utaendesha gari, ndiyo adhabu yako.

Rashidi, 15:48
Salimu nimekupigia mara mbili.

Salimu, 19:02
Nilikuwa kazini. Nipigie baada ya tarawehe.

Rashidi, 19:03
Sawa. Lakini nikuwekee viti vinne au nisikuwekee? Nafunga manunuzi saa tatu.

Hemedi (Dar), 19:20
Nimechelewa kusoma. Mimi namuunga mkono Pelini

Rashidi, 19:21
Hemedi, Pelini aliondoka 2014.

Hemedi, 19:22
Hata hivyo

Rashidi, 20:55
Salimu?

Rashidi, 21:04
Nimenunua saba. Viwili vilivyobaki navishikilia mpaka kesho mchana, upande huo huo, safu ya pili nyuma yetu. Zuhura ukipata wa kubadilishana naye niambie usiku huu huu.

Zuhura, 21:30
Bado hajanijibu. Watoto wa chini ya miaka mingapi wanaingia bure?