Mrejesho: mmea wa maua meupe kwenye tuta la mchicha

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu mmea uliojiotea katikati ya mchicha wangu, wenye maua meupe kama tarumbeta. Mliosema ni mnanaha mlikuwa sahihi, afisa ugani wetu amekuja akathibitisha. Majani yana kingo za menomeno na yananuka vibaya ukiyasugua. Tunda lina miiba, nililidhani la mbarika, ila hili husimama wima na kupasuka pande nne.

Kilichonitisha ni mbegu. Zina sumu ziitwazo atropini na skopolamini. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu 5 walifariki na mamia wakaugua baada ya kula unga wa uji wa msaada uliochanganyika na mbegu za jamii hii. Na mimi nilikuwa nawachumia wanangu mboga palepale!

Nimevaa glavu nikaing'oa yote kabla matunda hayajapasuka, nikaifukia kwenye shimo refu, mbali na mbuzi. Dada aliyeshauri niichome, samahani, niliogopa moshi wake. Mbegu hukaa hai ardhini miaka mingi, kwa hiyo kila mvua ikinyesha napita tena. Juzi nimeng'oa miche saba.