Tupeane uzoefu: kupiga kambi hifadhi za milimani kabla theluji haijaisha

#1
Uzi huu ni wa wanaopanga safari ya hema mwezi Mei au mwanzoni mwa Juni kwenye hifadhi za milima za magharibi mwa Marekani. Picha tuziache. Lete vipimo, na useme kitu kikikwama hukwama kwa nini.

Naanza na barabara, maana ndizo zinazovuruga ratiba. Kule hifadhi ya Glacier, barabara ya Going-to-the-Sun hupanda hadi Logan Pass, mita 2,026, na aghalabu haifunguki yote mpaka mwishoni mwa Juni au Julai. Barabara ya Tioga katika hifadhi ya Yosemite hufika mita 3,031. Mwaka wa theluji nyingi nayo husogea hadi Julai. Ikiwa imefungwa, kufika upande wa pili wa milima ni kuzunguka mamia ya kilomita. Basi usilipie kambi za pande zote mbili kwa kutegemea njia ya juu. Panga upande mmoja uwe safari kamili, wa pili uwe nyongeza.

#2
Naongeza: kambi ichaguliwe kwa mwinuko, si kwa uzuri wa jina. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka nyuzi 6 au 7 hivi. Utabiri wa mji wa bondeni ukisema nyuzi 5 usiku, kambi iliyo mita 1,000 juu yake inaganda. Ila na bonde lenyewe lina hila yake: usiku usio na upepo, hewa baridi huteremka na kutuama kando ya mto kama maji kwenye beseni. Nafasi iliyoinuka kidogo kutoka mtoni huwa na afadhali.

#3
Mfuko wa kulalia una namba mbili: joto la kulala kwa raha na joto la mwisho la kuvumilia. Inayoandikwa kubwa mara nyingi ni ya pili. Nunua kwa ile ya raha, tena iwe nyuzi 5 chini ya utabiri.

Hata hivyo wengi hutetemeka kwa sababu ya kilicho chini yao. Manyoya ya mfuko uliyoyalalia yamebanwa, hayana hewa, kwa hiyo hayazuii baridi. Kazi hiyo ni ya godoro. Angalia kipimo chake cha R, yaani linavyozuia baridi (kikubwa ndicho bora): 2 ni cha kiangazi, ardhi iliyoganda inataka 4 au 5. Uzuri ni kwamba R hujumlishwa, hivyo mkeka wa sponji wa R 2 chini ya godoro la kupuliza la R 3 unakupa 5.

#4
Jiko la gesi: mtungi huwaka vizuri siku ya kwanza, halafu unafifia ungali na gesi nusu. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, isobutani kwenye -12 hivi, propani -42. Katika mtungi wa mchanganyiko propani hutangulia kwisha, na mtungi wenyewe hupoa kadiri gesi inavyotoka. Lala nao ndani ya mfuko, na wakati wa kupika usimamishe kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu, si ya moto. Jiko linalokaa juu ya mtungi usilizungushie kikinga upepo pande zote. Mtungi ukipata joto kupita kiasi unaweza kulipuka.

Kichujio cha maji cha nyuzinyuzi nacho lala nacho. Kikiganda hupasuka ndani, kwa nje huoni kitu, na vijidudu vinapita.

#5
Vigingi vya kawaida vya hema havishiki kwenye theluji. Zungushia kamba ya hema katikati ya kijiti bila fundo, kizike kikiwa kimelala sentimita 30 chini, kanyaga juu, subiri nusu saa theluji ishikane ndipo ukaze. Ipitishe kamba kuzunguka kijiti na kurudi hemani. Asubuhi unafungua ncha moja na kuivuta, bila kuchimba barafu.

#6
Dubu wameshatoka mapangoni na wana njaa. Hifadhi ya Yellowstone inataka ukae angalau mita 91 kutoka kwao. Chakula, dawa ya meno, sabuni na takataka vyote viingie kwenye sanduku la chuma la kambini. Yosemite hairuhusu kuacha chakula garini usiku, kwani dubu wa huko hung'oa milango.

#7
@6 umesahau kopo la pilipili, ile dawa ya kumpulizia dubu akikujia. Glacier na Yellowstone libebe mkandani, si ndani ya begi. Yosemite limepigwa marufuku. Kwenye ndege haliingii, kwa hiyo linunuliwe huko huko. Wala usilipulize kwenye hema ukidhani ni kinga. Lazima limfikie dubu usoni.

#8
Vijito vivukwe alfajiri. Theluji huyeyuka mchana kutwa, na maji ya saa kumi jioni huwa mengi kuliko ya saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kukanyaga maji fungua mkanda wa begi kiunoni, ukianguka ulivue upesi.

Na uliza kama mabomba ya kambi yameshafunguliwa. Mapema msimu mengi bado yamefungwa yasipasuke kwa barafu. Beba lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku.