Bia ipi inafaa kwa mkate wa bia wa kuoka nyumbani?

Mpishi wa Njiro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninakusudia kuoka mkate wa bia, ule usiohitaji kukandwa wala kusubiriwa uumuke, kwa ajili ya wageni watakaokuja kula nyama choma nyumbani kwetu Arusha mwishoni mwa juma. Maelezo niliyonayo yanataja vikombe vitatu vya unga wa ngano, vijiko vitatu vya sukari na mililita 330 za bia, lakini hayasemi ni bia ya aina gani. Duka la jirani lina Kilimanjaro, Safari na Guinness. Je, bia yenye kilevi kingi ndiyo inayoumua mkate zaidi? Na ile iliyofunguliwa jana ikaisha gesi bado inafaa? Naomba mniambie pia kama watoto wanaweza kuula, kwa kuwa mama mkwe wangu atakuwepo, na swali hilo nitaulizwa kabla sijakata kipande cha kwanza.

Tanuri la Udongo

Ndugu Mpishi, kiwango cha kilevi hakihusiani na kuumuka. Bia ya kiwandani kwa kawaida huchujwa na kupashwa moto kabla ya kuuzwa, kwa hiyo hamira iliyoichachusha ama haimo tena ama imekufa. Kinachoinua mkate huu ni beking pauda, ikisaidiwa kidogo na gesi ya bia. Kwa sababu hiyo, soma pakiti ya unga kabla ya kusoma chupa. Ikiwa ni unga wa kawaida, kama ulivyo mwingi madukani kwetu, maelezo yako yamepungukiwa kijiko kimoja cha mezani cha beking pauda na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kwani bila shaka yaliandikwa kwa ajili ya unga unaouzwa ukiwa umekwisha kuchanganywa na vitu hivyo. Bila hivyo, hata bia ya bei ghali kuliko zote itakupa tofali. Na kwa kuwa Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako gesi hutanuka zaidi, mimi ningepunguza beking pauda iwe vijiko viwili na nusu vya chai, ili mkate usipande haraka kisha ukadidimia katikati.

Bia yenyewe ichague kwa uchungu wake. Uchungu huo hutokana na maua ya hopsi, na wakati harufu ya maua hayo huruka na mvuke kwa sehemu kubwa, uchungu haupotei ndani ya oveni. Kwa kuwa maji yanapungua, unaweza hata kuuhisi zaidi kuliko ulivyouhisi kwenye glasi. Ndiyo maana bia za mtindo wa IPA, yaani zile zenye hopsi nyingi na uchungu mkali, ambazo wanywaji wengi huzisifu, naziona hazifai kabisa kwa mkate. Kati ya tatu ulizotaja ningechukua Kilimanjaro, ambayo ni laga nyepesi na mkate wake hauishindi nyama. Safari nayo inafaa. Ina kilevi cha asilimia 5.5 ilhali Kilimanjaro ina 4.5, na ladha yake ni nzito kidogo. Guinness ni habari nyingine: hutengenezwa kwa shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, kwa hiyo mkate hutoka wa kahawia, wenye ladha inayokaribia kahawa. Unapendeza kwa siagi na asali, mradi uongeze kijiko kimoja au viwili vya sukari, lakini kwa wageni wasiouzoea nisingeanza nao.

Bia iliyoisha gesi itafaa, ila mkate utakuwa mzito kidogo. Ukifungua chupa mpya ya nusu lita, mimina, ngoja povu litulie, ndipo upime. Koroga kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, kisha uache, kwani ukizidisha mkate hukakamaa. Mwagia siagi iliyoyeyushwa juu, na uoke kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 45 hadi 55.

Bibi wa Forodhani

Kuhusu watoto, tusidanganyane kwamba kilevi chote huruka. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kuwa chakula kilichochanganywa na pombe kisha kikaokwa hubakiza takriban asilimia 35 ya kilevi baada ya nusu saa, na asilimia 25 baada ya saa nzima. Mililita 330 za bia ya asilimia 4.5 zina karibu mililita 15 za kilevi. Zitabaki nne au tano katika mkate mzima, yaani kama nusu mililita kwa kipande, ukikata vipande kumi. Ni kidogo mno, lakini kipo, na kwetu Waislamu hesabu hiyo haibadilishi kitu. Mimi hutumia maji ya soda yasiyo na sukari kwa kipimo kilekile. Vinywaji vya kimea visivyo na kilevi navyo vinafaa, ila ni vitamu, hivyo usitie tena sukari kwenye unga.

Mzee wa Kibosho

Mwanangu, uko karibu na Moshi na hujauliza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi! Hiyo hamira yake ingali hai, lakini inataka saa nyingi za kuumuka, na gome la msesewa linalotiwa humo lina uchungu wake, ambao nao hautoki kwa moto. Kwa wageni wa mwisho wa juma, fuata ushauri wa laga.

Mpishi wa Njiro

Shikamoo mzee, na nawashukuru nyote. Nitaoka miwili, mmoja wa Kilimanjaro na mmoja wa maji ya soda. Gesi ya kupikia ikiisha, je, jiko la mkaa litafaa?

Tanuri la Udongo

Litafaa. Palia makaa mengi juu ya mfuniko na uache machache tu chini, kwa sababu sukari ya mkate huu huunguza kitako upesi. Baada ya dakika 40 chomeka kijiti katikati. Kikitoka na unga mbichi, ongeza makaa ya juu peke yake.