Jarida limebadilisha mwisho wa hadithi yangu, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Mwaka jana nilituma hadithi fupi kwenye jarida moja la fasihi hapa Dar, wakaikubali kwa imeili tu, mkataba hakuna, tukaelewana laki moja na nusu. Imetoka juzi nakuta mwisho wameubadilisha kabisa, yule bibi niliyemuacha hai wamemuua jamani, na hela sijaona hata senti. Nikimpigia mhariri ananiambia "subiri kidogo ndugu yangu". Najua Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi kazi yake isiharibiwe, ila sasa zile imeili zinatosha kama ushahidi nikienda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, au nianze na barua ya madai kwanza? Wakili siwezi kumlipa kwa kweli.