Plasta ya daka inabambuka, Mkomani Lamu: chokaa au simiti?

Mkaazi wa Mkomani
Assalaam alaykum. Mtaa umechanga pesa za kutengeneza daka (ukumbi wa mlangoni) na baraza ya nyumba ya kale wanayokaa wazee kila alasiri. Plasta ni ya simiti. Imevimba, ukiigonga inalia kama ngoma, na chini, kama mita moja kutoka ardhini, ina unga mweupe. Tuongeze simiti au turudi kwenye chokaa? Naomba vipimo.

Fundi Chokaa
Wa alaykum salaam. Simiti msiirudishe kabisa. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya ardhini, nayo yana chumvi. Chokaa huyaacha yatoke nje yakauke. Simiti huyafungia, chumvi ikaganda nyuma yake na kuisukuma. Mkiongeza simiti, itabanduka na jiwe lake.

Bandueni kwa patasi na nyundo ndogo. Ule unga ufagieni mkavu. Mkiuosha, chumvi inazama tena. Kwangueni viungo vya mawe sentimita 2, kisha lowesheni ukuta kwa maji matamu. Chokaa ndoo 1, mchanga ndoo 3, na mchanga usiwe wa ufuoni. Tabaka la kwanza sentimita 1. Likishika lichaneni kwa msumari, mngoje siku kadhaa kabla ya la pili.

Bint Langoni
Kaka Fundi, chokaa gani?

Fundi Chokaa
Ya shimo, dada, yaani iliyozimwa kwa maji, ikachujwa na kulala ndani ya maji angalau mwezi. Punje isiyozimika huja kupasuka ukutani na kuacha kitundu. Mkizima wenyewe, tieni chokaa kwenye maji, msimwagie maji chokaa: inachemka na kuruka machoni.

Mzee wa Boriti
Tazameni pia ncha za boriti za daka. Zikizungushiwa simiti, unyevu haupati pa kutokea, boriti ya mkoko inaoza ndani huku nje ikionekana nzima. Chomeni kwa bisibisi. Ikizama, boriti hiyo ibadilishwe kabla ya plasta.

Idhini ombeni mapema, maana mji ni turathi ya taifa tangu 1986 na uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Na jua la kaskazi hukausha chokaa haraka ikapasuka, basi tundikeni magunia mabichi wiki nzima.

Mkaazi wa Mkomani
Shukrani sana. Basi kwanza ni idhini na kuagiza chokaa tu. Matumbawe yakianguka?

Fundi Chokaa
Msiyatupe. Yafagieni chumvi, ndiyo ya kuzibia mashimo.