Baraza la Barabara ya 12: nani mali, nani garasa

Idi: Asalaam aleikum wanabaraza. Kabla hatujamchangia huyu straika wa Pongwe tunayetaka kumsajili, nina ombi. Kila mtu ataje usajili mmoja bora na mmoja mbovu wa Championship, daraja la pili la Uingereza. Kule nao wanahangaikia hichihichi tunachohangaikia sisi, kupanda daraja, na makosa yao yanajulikana.

Shabani: Waaleikum salaam. Mbona mbali hivyo mgosi, uwanja wetu wa Mkwakwani umehama?

Idi: Ya Mkwakwani tuyaseme barazani uso kwa uso. Humu kuna ndugu wa wachezaji.

Shabani: Haya. Bora ni Vardy, sina wa pili. Leicester walimtoa Fleetwood 2012 kwa pauni milioni 1, mtu wa ligi za ridhaa, aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Watu wakasema Leicester wamepigwa. Na msimu wa kwanza kweli mambo yalikuwa magumu, mabao 4 tu ya ligi, mwenyewe akafikia kutaka kuacha mpira

Shabani: Msimu wa pili akafunga 16, wakapanda na pointi 102. Ya 2016, walipochukua ubingwa wa Ligi Kuu, hata Bi Mwanaidi anayajua

Bi Mwanaidi: Nayajua sana. Mwanangu aliamsha nyumba nzima usiku ule.

Zuwena: Shikamooni wakubwa zangu. Mimi namweka Mahrez juu ya Vardy. Dirisha dogo, Januari 2014, kutoka Le Havre iliyokuwa daraja la pili Ufaransa. Hata nusu milioni ya pauni haikufika. Mwaka 2018 Manchester City wakamchukua kwa milioni 60.

Shabani: Marahaba mwanangu. Lakini Mahrez alidandia gari linatembea, Leicester walishakuwa kwenye mbio za ubingwa. Vardy alikuwepo tangu linasukumwa

Mzee Bakari: Wanangu, nyote mnahesabu pesa ya kuuzia. Mpenzi wa timu hali pesa hiyo. Usajili wa daraja la pili una kazi moja, kuipandisha timu. Kwa kazi hiyo mimi namtaja Teemu Pukki.

Mzee Bakari: Norwich walimchukua 2018 kutoka Brøndby ya Denmark, mchezaji huru, hawakulipa ada hata senti. Mabao 29 ya ligi, ubingwa. Timu ikapanda, ikashuka, yeye akabaki. Msimu wa 2020/21 akafunga 26, ubingwa tena. Kapandisha mara mbili.

Mzee Bakari: Na nilimtazama vizuri pale kibanda umiza. Hakuwa na mwili wa kutisha. Anasimama begani mwa beki, kimya, kama anayesubiri basi. Kiungo wao Buendía akigusa mpira mguso wa kwanza, Pukki kashaanza kukimbia. Beki anageuka kutafuta mtu, mtu hayupo. Buendía naye walimleta kiangazi kilekile kutoka Getafe kwa bei ndogo. Wawili wale ndio dirisha bora nililowahi kuona katika ligi ile.

Kocha: Mzee umemaliza. Hapo sina la kuongeza, ila Watkins wa Brentford apewe heshima yake. Alitoka Exeter akiwa winga, wakamfanya straika

Bi Mwanaidi: Nawakatiza kidogo. Nimepokea 10,000 ya Shabani na 5,000 ya Zuwena. Waliobaki mnajijua. Mkimaliza mpira njooni kwenye simu yangu.

Kocha: Naleta usiku Bi. Sasa wabovu. Naanza na Ross McCormack, Aston Villa 2016, pauni milioni 12 kutoka Fulham. Alifika na sifa ya kufunga katika ligi ileile, si mgeni. Mabao 3. Januari akakosa mazoezi, na kocha wao Steve Bruce mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba sababu aliyopewa ni geti la umeme limegoma kufunguka nyumbani. Bruce akaenda kulipima geti kwa macho yake. Mimi kama kocha hilo linaniuma kuliko mabao. Mchezaji anayetaka kucheza anatembea kwa miguu kutoka Mwambani mpaka hapa, nimewaona

Idi: Wangu ni Andy Delort. Wigan 2014, kama milioni 3, alitoka Tours ya Ufaransa akiwa mfungaji hatari. Mechi 11 za ligi, bao hata moja hakuna. Wigan wakashuka daraja msimu uleule.

Shabani: Delort huyuhuyu wa Algeria??

Idi: Huyohuyo. Alikuwemo kwenye kikosi kilichochukua AFCON 2019, ileile Algeria walipotupiga 3-0 kwenye kundi. Ndiyo maana nasema garasa pale Wigan, simwiti garasa yeye. Alipelekwa pasipomfaa.

Zuwena: Naomba nitaje wa kwangu, nimekaa na kikokotoo hapa. Jean-Kévin Augustin.

Zuwena: Leeds walimchukua Januari 2020 kwa mkopo kutoka RB Leipzig. Mkataba ukasema Leeds wakipanda, lazima wamnunue. Akaingia mechi 3 kutokea benchi, jumla dakika 48, akaumia. Leeds wakapanda, wakakataa kumnunua. Kesi ikafika FIFA, kisha mahakama ya michezo CAS, Leeds wakashindwa kote. Iliwagharimu zaidi ya pauni milioni 15.

Zuwena: Gawa kwa dakika 48. Kila dakika ni zaidi ya pauni 312,000. Yaani Mahrez mzima ni bei ya dakika moja na nusu ya Augustin.

Shabani: Subhanallah

Kocha: Hesabu hiyo nitaiandika ukutani

Idi: Lakini Leeds walipanda Zuwena, baada ya miaka 16. Utauitaje usajili mbovu kuliko wote na timu imechukua ubingwa? Wigan walishuka!

Zuwena: Walipanda kwa kocha Bielsa na kwa mabao ya straika Bamford, kaka. Augustin hakuongeza kitu, na deni likawafuata juu.

Mzee Bakari: Ngojeni hapo. Zuwena, waambie walikataa kwa hoja gani.

Zuwena: Tarehe, Mzee. Mkataba ulitaja kupanda kufikia tarehe 30 Juni 2020. Korona ikasimamisha ligi kuanzia Machi, ikarudi Juni. Leeds wakapanda tarehe 17 Julai. Wakasema sharti limekwisha muda. Wakaambiwa msimu ni uleule, umesogezwa tu, lipeni.

Mzee Bakari: Mmesikia. Nimekaa bandarini na makaratasi ya mizigo miaka mingi, na najua tarehe inavyoweza kumla mtu. Sasa mkumbuke yetu ya mwaka jana.

Shabani: Mzee usinikumbushe

Mzee Bakari: Nakukumbusha kwa sababu sote tuliumia. Yule kijana tulimpa baiskeli mpya na jozi ya viatu, tukaandika atatuchezea mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Masika yakaja, uwanja ukawa bwawa, nusu fainali ikasogezwa mwezi wa sita. Siku ya mechi nikamwona anashuka kwenye baiskeli yetu, amevaa jezi ya wapinzani. Nikamuuliza, akanionyesha karatasi. Mwandiko wangu mwenyewe. Sikuwa na la kumjibu.

Kocha: Siku ile tulifungwa 2-0, yote mawili yake

Bi Mwanaidi: Na ile baiskeli nililipa mimi 60,000 ya kwanza, kutoka hela ya samaki.

Idi: Basi huyu wa Pongwe tusimpe?

Kocha: Tumpe. Nimemtazama mara tatu, anafunga kwa miguu yote na anarudi kukaba. Mara zote tatu alifika uwanjani kabla yangu. Tatizo halikuwa kusajili

Zuwena: Nimeandika hivi, Mzee uniangalizie: "Mchezaji ataichezea timu mpaka filimbi ya mwisho ya mechi yetu ya mwisho katika mashindano haya, hata kama ratiba itasogezwa kwa mvua au sababu nyingine. Atapokea nusu ya fedha siku ya kusaini na nusu baada ya filimbi hiyo. Akiumia akiwa anatuchezea, nusu ya pili ni haki yake."

Mzee Bakari: Hilo la kuumia umefanya vizuri kuliweka. Tarehe sioni, na isiwemo.

Shabani: Ongeza 10,000 kwangu Bi Mwanaidi. Jumla 20

Bi Mwanaidi: Imeingia. Nusu ya kwanza imetimia, bado ya pili. Idi na Kocha, nawasubiri.

Mzee Bakari: Kesho baada ya alasiri, barazani kwangu. Kijana aje na mzazi wake, wasome wote wawili kabla ya kusaini.